Alfajiri Iliyopigwa Mnada

Paukwa!

Nanyi mwitikie: Pakawa!

Sogeeni, wanangu, mkae vizuri. Hadithi ya leo ni ya nyumba. Si nyumba ya ngano iliyojengwa na jini kwa usiku mmoja. Nyumba hii ipo kweli, katika jiji la Roma nchini Italia, nyuma ya ukuta mrefu, hatua chache kutoka barabara maarufu ya Via Veneto. Jina lake ni Casino dell'Aurora. Neno hilo la kwanza lisiwababaishe, hapa hapachezwi kamari. Katika Kiitaliano cha zamani, casino ni kijumba cha mapumziko ndani ya shamba au bustani kubwa. Na Aurora ni alfajiri. Kwa hiyo ni Kijumba cha Alfajiri, ingawa watu wengi siku hizi huiita Villa Aurora.

Mwezi wa Januari mwaka 2022, kijumba hiki kilipigwa mnada. Bei iliyotangazwa ilikuwa euro milioni 471. Katika fedha hizo, milioni 310 zilihesabiwa kwa ajili ya dari ya chumba kimoja tu, tena chumba kidogo. Yaani karibu theluthi mbili ya bei ya nyumba nzima, pamoja na kiwanja, kuta, ngazi, bustani na vyumba vingine vyote, ilikuwa ni thamani ya dari moja.

Magazeti ya dunia yakaandika. Watu wakasubiri kumjua tajiri atakayeichukua. Tarehe 18 ikafika, mnada ukafunguliwa, na mnada ukafungwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyetaja bei.

Kwa nini? Nitawaeleza. Lakini wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tuingie kwanza, kwa sababu asiyejua kilichomo ndani hawezi kuelewa kilichotokea nje.

Tuanzie ukumbi wa chini. Ukiingia, usitazame sakafu wala kuta. Inua kichwa. Utashtuka, kwa sababu dari haipo! Kuta zinapanda juu, zinafika mahali zinavunjika kama za gofu, na juu yake ni mbingu tupu. Mawingu yanapita. Miti mirefu inachungulia kwa juu. Na katikati ya mbingu hiyo gari la kukokotwa linakwenda mbio, likivutwa na farasi wenye mabaka, na ndani yake amekaa mwanamke. Vitoto vyenye mabawa vinaruka kumzunguka. Mbele yake wanawake wengine wanazizima nyota, kwa kuwa usiku umekwisha na taa zake hazihitajiki tena.

Huyo mwanamke ndiye Aurora, ambaye Warumi wa kale walimwita mungu wa kike wa alfajiri. Kila siku, kabla ya jua, alipanda gari lake akapita angani kufungua njia ya mchana.

Bila shaka dari ipo. Ni ya mawe na lipu kama dari nyingine. Mbingu, mawingu, miti, hata zile kuta zilizovunjika, vyote ni rangi. Mchoraji mmoja, Agostino Tassi, alikuwa bingwa wa kuchora majengo yasiyokuwepo, na ndiye aliyechora kuta za uongo zinazoendelea pale kuta za kweli zinapoishia. Mwenzake akachora watu, farasi na mawingu. Huyo mwenzake aliitwa Giovanni Francesco Barbieri, lakini dunia inamjua kwa jina la utani, Guercino, maana yake mwenye makengeza. Naam, mtu mwenye makengeza ndiye aliyeweza kuchora mbingu inayolidanganya kila jicho linaloitazama. Alizaliwa mwaka 1591 katika mji mdogo wa Cento. Alipoifanya kazi hii, mwaka 1621, alikuwa na umri wa miaka thelathini.

Sasa tazameni tena, nyuma ya gari la Aurora. Kuna mzee mwenye ndevu, yuko kitandani. Aurora anaondoka, mzee anabaki. Mnamwona? Mzee huyo ana kisa chake, nami naomba mkikumbuke hadi mwisho, maana ndicho kitakachotufungulia mambo.

Jina lake Tithonus. Zamani alikuwa kijana mzuri, mwana wa mfalme wa Troya. Aurora alimpenda. Lakini Aurora hafi, na binadamu hufa. Basi akaenda kwa Jupiter, mkuu wa miungu yao, akamwomba: mpe mume wangu uhai usiokwisha. Jupiter akakubali. Aurora akarudi nyumbani kwa furaha, na hakujua kwamba amesahau neno moja. Aliomba uhai, hakuomba ujana. Miaka ikapita. Kijana akaota mvi. Mgongo ukapinda, mikono ikakosa nguvu, miguu ikagoma. Kufa hawezi, kupona hawezi. Akasinyaa mwaka hadi mwaka, na wengine husimulia kwamba mwishowe ilibaki sauti tu, akageuka nyenje anayelia mitini. Kila alfajiri mkewe anaondoka akiwa mbichi kama jana, naye anabaki kitandani akiwa mzee kuliko jana.

Uhai bila ujana. Wekeni hilo akilini, tuendelee.

Ninyi mtaniuliza: picha inakaaje juu ya dari kwa miaka mia nne bila kubanduka? Swali zuri. Picha za namna hii huitwa fresko, na neno hilo la Kiitaliano maana yake ni "mbichi". Siri yake ni chokaa. Watu wa pwani yetu wanaijua chokaa vizuri. Nyumba za kale za Lamu na Unguja zilijengwa na kupakwa chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo. Italia hawakuchoma matumbawe, walichoma mawe ya chokaa, lakini kazi inayofanyika ndani ya moto ni ile ile. Joto linafukuza hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Jiwe linabaki chokaa kavu. Ukiitia maji, inachemka yenyewe na kuwa uji mzito mweupe. Fundi anauchanganya na mchanga, anaupaka ukutani, na hiyo ndiyo lipu.

Sasa lipu ile inapokauka inafanya jambo la ajabu. Inaivuta tena kutoka hewani ile hewa iliyofukuzwa na moto, hewa ya kaboni, ambayo hata sisi tunaitoa tunapopumua. Chokaa ikishaivuta, inarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo mchoraji wa fresko anafanya kazi katika saa chache ambazo jiwe bado ni bichi. Rangi yake ni unga wa udongo na mawe uliokorogwa kwa maji matupu, bila gundi. Anapaka, lipu inainywa rangi, kisha lipu inageuka jiwe na rangi ikiwa imefungwa ndani yake. Picha haikubandikwa ukutani. Picha imekuwa ngozi ya ukuta.

Ndiyo maana fundi hapaki lipu dari nzima kwa mara moja. Anapaka kipande ambacho mchoraji ataweza kukimaliza kabla hakijakauka. Waitaliano wanakiita kipande hicho giornata, yaani kazi ya siku. Leo uso na bega, kesho bawa la mtoto, keshokutwa kichwa cha farasi. Ukikosea, hufuti. Unachukua patasi, unabomoa lipu, unaanza upya. Mtaalamu akisogea karibu na fresko ya zamani huweza kuona mistari myembamba pale siku moja ilipokutana na siku nyingine, akahesabu mchoraji alifanya kazi siku ngapi.

Na adui wa fresko ni nani? Ni maji. Paa likivuja, maji yanashuka polepole ndani ya ukuta na kubeba chumvi. Chumvi inafika kwenye uso wa ukuta, inakauka, inavimba, na inasukuma rangi kutoka ndani mpaka inapukutika. Mwenye nyumba asiyetazama paa anaua picha iliyo chini ya paa.

Haya, tupande ngazi. Ile dari ya euro milioni 310 iko ghorofani.

Kabla ya Guercino kufika, nyumba hii ilikuwa na mwenyewe mwingine. Mwaka 1596 ilinunuliwa na Kardinali Francesco Maria del Monte. Huyu alipenda muziki, alipenda picha, alipenda sayansi. Ni mmoja wa waliomsaidia Galileo, yule mtu wa darubini, alipokuwa bado kijana anayetafuta kazi. Na katika chumba kimoja chembamba cha ghorofani Kardinali alikuwa akifanya alkemia, elimu ya zamani ya kuyeyusha, kuchemsha na kuchanganya vitu kwa matumaini ya kugundua siri zao. Elimu hiyo ilichanganya ukweli na ndoto, lakini kutokana nayo ndiyo kemia mnayosoma shuleni ilizaliwa.

Kardinali alikuwa amempa makao kijana mmoja mchoraji, Michelangelo Merisi, tunayemwita Caravaggio kwa jina la mji wa wazazi wake. Kipaji chake kilikuwa kikubwa, na hasira zake pia. Baadaye, mwaka 1606, aliua mtu katika ugomvi hapo Roma, akakimbia, na alifariki mwaka 1610 bila kurudi. Lakini tuko karibu na mwaka 1597. Ana umri wa miaka 26 hivi, na Kardinali anamwambia: nichoree dari ya chumba changu cha alkemia.

Caravaggio akachora ndugu watatu wa hadithi za Warumi. Jupiter, na tai wake, ndiye hewa. Neptune, na farasi wa baharini, ndiye maji. Pluto, na mbwa mwenye vichwa vitatu, ndiye ardhi. Katikati yao kuna mpira mkubwa unaong'aa, ulimwengu wenyewe, na Jupiter ameunyooshea mkono. Kwa mtu wa alkemia, watatu hao walikuwa pia kiberiti, zebaki na chumvi, vitu ambavyo waliamini kila kitu kimetokana navyo. Kardinali akiinua macho kutoka kwenye chupa zake, aliona juu kile alichokuwa akikitafuta mezani.

Ila kilichowashangaza watu ni namna ndugu hao walivyochorwa. Unawaona kwa chini kabisa, kama vile wamesimama juu ya kioo na wewe umelala sakafuni. Nyayo zinakuja kwanza, magoti baadaye, na uso uko mbali huko juu. Kuchora hivyo ni kazi ngumu mno. Mwandishi wa karne ya 17, Giovanni Pietro Bellori, alieleza kwamba kulikuwa na watu waliosema Caravaggio hajui kuchora vitu kadiri vinavyoonekana kwa mbali na kwa chini, naye akawajibu kwa dari hii. Wataalamu wengi wanaona kwamba sura za hao ndugu ni sura yake mwenyewe. Hakuwajibu kwa maneno. Alijiweka juu ya dari.

Picha hii si fresko. Caravaggio aliichora kwa rangi za mafuta juu ya lipu iliyokwisha kukauka. Ukubwa wake ni karibu mita tatu kwa mita mbili. Ndiyo picha pekee ya Caravaggio iliyochorwa moja kwa moja kwenye dari. Nyingine nyingi alizichora kwenye vitambaa, nazo zimesafiri, zimeuzwa, zimeibwa, zimetundikwa makumbusho ya miji mbalimbali. Hii haijaondoka. Ukitaka kuiona, huna budi kupanda ngazi alizopanda yeye.

Mwaka 1621 Kardinali Ludovico Ludovisi aliinunua nyumba. Ndugu wa baba yake ndiyo kwanza alikuwa amechaguliwa kuwa Papa Gregori wa 15. Ludovisi ndiye aliyemleta Guercino. Aliizungushia nyumba bustani kubwa sana, yenye njia za miti na sanamu za marumaru za enzi za Roma ya kale. Ukoo wake, ambao baadaye uliitwa Boncompagni Ludovisi, uliishika nyumba hiyo kwa miaka mia nne.

Lakini bustani haikubaki. Roma ilipofanywa mji mkuu wa Italia mwaka 1871, watu wakamiminika, viwanja vikapanda bei. Katika miaka ya 1880 ukoo ukakata bustani viwanja ukauza. Miti ikaanguka. Barabara zikapita palipokuwa na vivuli, na Via Veneto ni mmojawapo wa mitaa iliyozaliwa hapo. Mkuu wa ukoo akajijengea jumba jipya kubwa mno kwenye ardhi hiyo hiyo. Gharama zikamshinda, jumba likaenda, na leo ndilo ubalozi wa Marekani. Sanamu nyingi nazo ziliuzwa. Serikali ya Italia ilizinunua mwaka 1901, na leo ziko katika makumbusho ya Palazzo Altemps hapo hapo Roma.

Je, mmeona tofauti? Sanamu zilibebwa, zikapata pa kukaa. Mti haubebeki, ukakatwa. Dari nayo haibebeki. Ikabaki mahali pake, peke yake, juu ya nyumba iliyokuwa katikati ya bustani na sasa iko katikati ya mahoteli.

Sasa turudi mnadani.

Mkuu wa ukoo aliyekuwa akiishi humo alifariki mwaka 2018. Warithi hawakukubaliana. Mzozo ukafika mahakamani, na mahakama ikaamua nyumba iuzwe ili kila mmoja apate fungu lake. Warithi wanaweza kugawana fedha. Huwezi kugawa alfajiri kwa msumeno, huyu achukue farasi na yule achukue mawingu.

Basi jaribuni kukaa mahali pa mnunuzi. Una mamilioni yako. Unainunua nyumba. Je, utaweza kuichukua picha ya Caravaggio uende nayo kwenu? Huwezi. Wapo mafundi wanaojua kubandua picha kutoka ukutani, lakini sheria ya Italia inakataza kufanya hivyo bila kibali, kwa sababu picha na nyumba vimehesabiwa kuwa kitu kimoja. Je, utaweza kubomoa ukuta upate sebule kubwa? Huwezi, bila ruhusa ya wizara ya utamaduni. Tena ukishakubaliwa bei, unasubiri kwanza. Serikali ina siku 60 za kusema: tunalipa bei hiyo hiyo, nyumba ni yetu. Ikisema hivyo, wewe unarudi na fedha zako. Na isiposema, unaingia ndani na kukuta kazi ya ukarabati iliyokadiriwa kuwa ya euro milioni 11.

Mnunuzi wa nyumba hii, kwa hakika, hanunui picha. Ananunua zamu ya kuilinda.

Bei ikashushwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo wa 2022 nyumba ilirudishwa mnadani kwa euro milioni 377 hivi. Kimya. Ikashushwa tena. Kimya. Maelfu ya Waitaliano walitia saini kuiomba serikali yao iinunue, iwe mali ya wote na kila mtoto apate kuingia na kuinua kichwa. Serikali nayo ina mahospitali na shule za kuhudumia, na ilitazama bei ile kama ninyi mnavyoitazama.

Wengine watasema: ikikosa mnunuzi, kuna hasara gani? Sheria imekwisha kuilinda, hakuna anayeweza kuibomoa. Hapo ndipo ninapowaomba mpande nami tena kwenye ule ukumbi wa chini na mumtazame yule mzee kitandani.

Tithonus alipewa uhai. Hakuna aliyeruhusiwa kumwua. Alipewa kila kitu isipokuwa mtu wa kumwombea ujana. Sheria inaweza kuiamuru nyumba isife. Lakini haipandi juu ya paa wakati wa mvua. Haichunguzi bomba linalovuja. Haikorogi chokaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa, na ukuta wa kawaida unaweza kweli kuujenga upya. Ukuta huu ukianguka, nani atamwita Guercino? Waliochora wamekufa, na saa zile chache ambazo lipu ilikuwa mbichi zilipita mwaka 1621.

Ujana wa nyumba ni matunzo. Kila kizazi kilichoiacha dari ile ikafika kwetu kilikuwa na mtu aliyebadilisha kigae kilichovunjika. Majina yao hayakuandikwa popote. Tunajua jina la aliyechora na majina ya walionunua. Hatujui jina la fundi aliyepanda ngazi na ndoo yake, mwaka baada ya mwaka, ili Aurora asilowe. Ninapoisimulia hadithi hii, huyo ndiye ninayemwona zaidi. Ndiye aliyeomba lile neno ambalo Aurora alilisahau.

Nanyi, wanangu, siku moja mtakabidhiwa kitu cha zamani. Pengine ni nyumba ya babu, pengine ni msikiti mdogo wa kijijini, au kanisa, au mlango wa nakshi, au daftari la bibi lililoandikwa kwa mkono. Watu watawaambia kidumu milele, na mtafurahi kusema hivyo. Msiishie hapo. Mkishaomba kidumu, ulizeni: nani ataziba ufa, na lini? Kama hakuna anayejibu, chukueni ndoo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kule Roma, juu ya dari, farasi wenye mabaka bado wanakwenda, nyota bado zinazimwa moja moja, na mzee bado anamtazama mkewe akiondoka. Miaka mia nne sasa, na bado kunapambazuka.